Mashudu ya Mashine ya Medali

"Usisifu mafuta, uliza mashudu." Mmemsikia fundi redio akiisema, mkacheka. Mashudu yenyewe hamyajui, wajukuu zangu. Ni makapi yanayobaki ufuta ukishakamuliwa. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mataifa makubwa yalikuwa yakikutana ng'ambo kwa maonyesho, kila taifa likitandaza mashine zake mpya. Iliyowashangaza watu ilipewa medali. Maonyesho yakiisha, mawakala walizipakia melini wakazizungusha nchi za watu kutafuta wateja. Mwaka mmoja zikafika kwetu.

Hapa mjini Bi Esha na mdogo wake, Shekuwe, walikuwa wamerithi kinu cha ufuta cha kuzungushwa na ngamia. Ndicho kilichowalisha. Lakini Shekuwe alikuwa amechoka kumswaga ngamia. Alipoiona mashine ya kukamua mafuta inang'aa, medali kifuani, akili ikamruka. Akakubaliana na wakala: atoe kinu, ngamia na kiwanja, apewe mashine.

Esha roho ikamkataa. Asubuhi ya kutia saini akamfuata mdogo wake uwanjani, ambako mashine ilikuwa ikionyeshwa kwa siku ya tatu. Wakala akamimina pishi ya ufuta, akazungusha mpini mara tatu, mafuta yakatiririka. Watu wakapiga makofi. Esha hakupiga. Akaizunguka mashine, akainama, akachungulia uvunguni.

"Dada, unanitia aibu," Shekuwe akanong'ona.

"Kwetu anayefungwa macho akizungusha kinu ni ngamia, si mimi," Esha akamjibu. Kisha akamgeukia wakala. "Bwana, mashudu yako wapi?"

Wakala akatabasamu. "Mama, hii ni mashine ya kisasa. Haina makapi. Ufuta wote unageuka mafuta."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Shekuwe. Akainua uso. Tangu utoto wake, kila jioni ndiye aliyembebea ngamia beseni la mashudu, maana ndicho chakula chake.

"Wote?" akauliza.

"Wote, bwana wangu."

Shekuwe akaiweka kalamu chini. Aliona jinsi alivyobakiza kidogo tu kuwatupa wanawe njaani. "Hebu fungua tumbo la mashine yako," akasema.

Wakala akadai ufunguo ameusahau melini. Shekuwe hakungoja. Akakivuta kifuniko cha nyuma kwa mikono miwili mpaka kikang'oka. Ndani mlikuwa na debe la mafuta, limebaki nusu. Kando yake ulilala ufuta wa siku tatu, mzima, hata punje moja haijapasuka.

Shekuwe alirudi nyumbani nyuma ya dada yake. Jioni akampelekea ngamia beseni lake, akakaa naye mpaka akamaliza kula.

Basi mtu akija na ajabu yake, mkaribisheni, mpeni kahawa, mtazameni anavyoionyesha. Ila kabla hamjatoa chenu, usisifu mafuta, uliza mashudu.