Jiwe la Katikati ya Tangi

Naona leo kanisa zima limekuja na sura ya mtu aliyelambishwa ndimu. Nuneni tu. Najua mmenunia nini, na tutafika huko. Na mimi nimeamka na hasira, tena hasira ambazo ukiinjika sufuria ya maharage juu yake yanaiva kabla hujamenya kitunguu. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe tulisoma tumekalia matofali. Lakini habari za samaki msinifundishe. Tulieni.

Palikuwa na fundi vioo mmoja, mtu wa hapa hapa Mbeya. Kwa kukata kioo hakuwa na mpinzani kuanzia hapa mpaka Misri ya Farao. Siku moja akaunganisha vioo sebuleni kwake, akapata tangi la samaki la urefu wa futi sita. Wenzake sebuleni wanaweka televisheni, yeye kaweka ziwa.

Mkewe alikuwa mtu wa Ikombe, kule kwa wafinyanzi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Basi fundi akaenda ukweni, akarudi na madumu ya samaki wa mawe, wale wadogo wa rangi rangi. Na akarudi na jiwe. Ndugu zangu, jiwe! Basi lililolipandisha mlima wa Tukuyu lilikuwa linalia kama ng'ombe anayezaa. Jiwe lina tundu katikati, limelainishwa na mawimbi tangu Nuhu yuko kijana. Fundi akaliweka katikati ya tangi, peke yake, mgeni akiingia alione. Kwingine kote hakuweka kitu. Mchanga mtupu.

Sasa hawa samaki, dume bila jiwe hajioni kama dume. Siku ya pili tu, dume moja la bluu likaingia kwenye lile tundu: hapa kwangu. Nyumba nzima ikampa jina Mwenyekiti. Samaki hana shingo, lakini huyu aliringa kwa shingo. Mwenzake akipita kwa mbali, anamkimbiza tangi zima, anamng'ata mkia, anamkandamiza kwenye kona mpaka huruma.

Fundi akawaka. "Huyu mmoja ndiye anayeniharibia nyumba!" Akamvua kwa kipande cha chandarua, akamtia kwenye ndoo barazani. "Kaa humo ujifunze adabu!"

Tangi likatulia, fundi akalala kama mfalme Sulemani. Asubuhi anafungua pazia, kwenye tundu kuna dume jingine. Lipi? Lile lile lililokuwa limepauka kama tambara la deki, lililong'atwa mkia, ambalo fundi alikuwa analihurumia nusura alie! Limeiva bluu kuliko Mwenyekiti. Na kwa kung'ata, Mwenyekiti alikuwa malaika.

Ndoo ya pili. Kufika jioni, tundu limepata mwenyewe mwingine. Ndoo ya tatu. Ndoo ya nne!

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "nyumba hii haina ndoo. Leo nafulia kwenye kikombe?"

"Vumilia, mke wangu. Amebaki mkorofi mmoja tu."

"Wimbo huo naujua tangu ndoo ya kwanza. Na huyu wangu, unamwona?"

Wake alikuwa jike la njano. Na hapa nisikilizeni vizuri. Samaki hawa, mama hatagi mayai akayaacha kwenye mchanga akaenda umbeya. Anayabeba mdomoni. Yakianguliwa, watoto nao anawabeba mdomoni. Wiki tatu hatii kitu tumboni. Basi yule mama wa njano alikuwa amejibanza juu kabisa, kwenye kona, nyuma ya mpira wa mashine ya hewa. Mapezi yamechanika kama bendera ya shule ya kijiji. Amekonda hata ukimtazama kwa ubavu unamwona Yesu upande wa pili, Mungu nisamehe. Na madume yakija kumng'ata, hajibu. Angejibuje? Akifumbua mdomo kung'ata, watoto wanamwagika.

"Akiwatema humo," mkewe akasema, "hayo madume yako nayakaanga yote, na hilo jiwe lako nasagia karanga."

Na kweli fundi alikuwa anaumia, msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anaweka paji la uso kwenye kioo, anaona macho madogo madogo yanachungulia kwenye mdomo wa yule mama. Mtu mzima na ndevu zake anamwombea samaki! "Bwana, mfikishe huyu mama salama." Anasema amina, anakwenda kutafuta ndoo nyingine.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mfinyanzi, amepanda na vyungu vya kuuza. Vitatu vilikuwa vimevunjikia kwenye basi. Akasimama barazani, akaziangalia ndoo, akaingia ndani akaangalia tangi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji! Wafungwa wanne nje, na ndani vita vile vile. Wewe ni hakimu wa wapi?"

"Samaki wa kwenu wana roho mbaya, shemeji. Kama watu wa kwenu."

"Watu wa kwetu ndio tuliokupa mke, na hujamrudisha." Akaacha kucheka. "Unamfukuza aliyekaa, kiti umekiacha katikati ya nyumba kinang'aa. Atakosekana wa kukikalia?"

Hakungoja jibu. Akapandisha mkono wa gauni mpaka kwapani, akauzamisha, akalibingirisha lile jiwe mpaka ukutani, akalilaza tundu chini. Fundi anapiga kelele kama anang'olewa jino: "Jiwe langu! Jiwe langu nimelibeba kwa mgongo!" Shemeji hata hageuki. Akaleta vigae vya vile vyungu vitatu, akavipanga tangi zima, vitundu kila mahali, hakuna kinachomshinda mwenzake kwa uzuri. Kisha akawarudisha wafungwa wote wanne kwa mpigo.

Madume yakaanza kuzunguka kama watu walioshushwa stendi wasiyoijua. Huyu hajui kwake wapi, yule hajui amfukuze nani. Wakawa wapole kama wanakwaya wanaosubiri chakula. Na yule mama wa njano, pole pole, akashuka. Akachungulia kigae kimoja. Akaingia.

"Siku tatu," shemeji akasema. "Atawatema humo humo salama. Usiguse kitu." Akaenda zake sokoni.

Siku tatu, ndugu zangu! Mimi siku tatu naweza kusimama kwa mguu mmoja. Lakini siku ya pili fundi akaletewa habari kwamba wageni wanakuja, watu wakubwa. Akatazama tangi lake. Vigae! Sebule imekuwa kama jalala la mama ntilie. Na jiwe lile zuri limelala pembeni kama mlevi.

"Nalirudisha mara moja tu," akajisemea. "Wakiondoka nalitoa."

Akakusanya vigae akavisukumia pembeni, akaliinua jiwe, akalisimamisha katikati. Wageni wakaingia. "Duh, bwana, jiwe zuri!" Fundi akavimba mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada.

Chai ilikuwa haijapoa. Madume yote yakaliona jiwe, yakalirukia kwa pamoja, na yule mama alikuwa katikati ya njia, anatafuta kigae chake. Akapigwa kumbo mara ya kwanza, akafumba mdomo. Mara ya pili, akafumba. Mara ya tatu mdomo ukafunguka wenyewe. Wakamwagika watoto, wadogo kama punje za ulezi. Kabla mgeni hajameza andazi, hakukuwa na mtoto hata mmoja. Wameliwa wote, na fundi anaangalia, kiganja chake kiko kwenye kioo.

Mkewe aliinuka. Alitoka barazani, akarudi na ndoo moja, akaiweka miguuni pa mumewe mbele ya wageni.

"Ulisema amebaki mkorofi mmoja tu," akamwambia. "Ingia."

Mnacheka. Chekeni, chekeni haraka, maana nakuja kwenu.

Sisi hapa, mara tatu tumemtenga mtu kwa ajili ya ugomvi wa benchi. Benchi! Lile la mbele, chini ya dirisha, lenye upepo. Akitengwa huyu tunasema kanisa limepona, na yule mpole tuliyemhurumia analikalia na kuota meno. Ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, ndoo ya tatu. Nani aligusa benchi?

Jumapili iliyopita alikuja mama mgeni. Mtoto mmoja mgongoni, wawili kawashika mikono. Akakaa pale dirishani. Mtu mmoja, simtaji, yumo humu anaangalia viatu vyake, akamwambia, "Mama, hapa pana wenyewe." Yule mama akanyanyuka, akatoka na watoto wake. Hakusema neno. Mkasema mgeni mstaarabu. Mstaarabu? Angejibuje? Mdomo umejaa watoto!

Ndiyo, mabenchi nimeyageuza na kuyahamisha mimi. Jana, peke yangu, yote, na mgongo wangu hautanisamehe mpaka Pasaka. Ndiyo maana mmeingia mkazunguka zunguka, hamjui kwenu wapi, mkanuna. Na nimeshaletewa kikaratasi hapa madhabahuni: "Mchungaji, wiki ijayo kuna harusi, wageni wakubwa wanakuja, tuyarudishe kama zamani, mara moja tu."

Mara moja tu!

Haya. Anayetaka kulirudisha lile benchi asimame, alibebe peke yake, sote tunaangalia.

Hakuna? Basi sogeeni. Sogeeni tena, mnuse jasho la mtu msiyemzoea. Hapo dirishani nataka nafasi ya watu wanne. Nyumba anayokaa yule mama naijua, ni hapo nyuma ya mashine ya kusaga. Nakwenda kumwomba msamaha, na kama atakubali, narudi naye.

Mwalimu wa kwaya, anzisha wimbo. Na asinyamaze mtu mpaka nirudi.