Kwa Nini Chungu cha Pombe ya Ulezi Kina Pengo Ukingoni

Siku ya nne baada ya mwezi wa mavuno ya ulezi kuandama, saa tatu asubuhi, vyungu vinne vya pombe viliwekwa uwanjani kwa mtemi wa Isuba. Saa tatu ni hesabu yangu ya leo. Wenyewe walisema jua limefika kizingiti cha zizi, na kizingiti hicho ndicho kilichokuwa saa yao. Nawatajia wakati kwa sababu kosa lote lilitendeka kati ya hapo na adhuhuri.

Siku hizo kila chungu kilikuwa na ukingo mzima. Na mwonjaji wa pombe alitoa neno lake palepale, povu likiwa bado mdomoni. Kila mavuno wapikaji walileta vyungu vyao, naye akavipanga kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Aliyekuwa wa kwanza alipikia karamu za mtemi mwaka mzima. Aliyekuwa wa mwisho, chungu chake kilipelekwa jaani, kikafudikizwa juu ya majivu na pombe yake ikamwagika, naye hakuruhusiwa kupika tena mpaka mavuno mengine.

Msidhani hiyo ilikuwa adhabu ndogo. Isuba hakuna aliyelima peke yake. Ulipika pombe, ukaita majirani, wakaja na majembe yao, wakalima mpaka jua likapoa, ndipo wakanywa. Asiye na pombe hakupata mikono ya watu, na shamba lake lilibaki pori.

Wapikaji wa mwaka huo walikuwa hawa. Ndimbumi, dada mkubwa wa mtemi, alileta pombe ya asali. Mzee Sambwe, mgema wa mianzi, alileta ulanzi. Wake wawili wa mfua chuma, waliopika pamoja na kugombana pamoja, walileta pombe ya ndizi. Wa nne alikuwa Lugano, mjane mwenye watoto watatu na shamba la mteremkoni, aliyeleta pombe ya ulezi kwa sababu ulezi ndio aliokuwa nao.

Mwonjaji aliitwa Tunsume. Alikuwa msichana bado, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza tangu shangazi yake afariki na kumwachia kata ya kuonjea. Asubuhi hiyo alikuwa ameiosha kata mara tatu, akainusa, akaiosha tena. Hofu yake haikuwa ya ulimi. Kwa ulimi aliweza kukwambia kimea kiliota siku tatu au nne, na maji yalitoka mtoni au kwenye chemchemi. Alihofia kukosa adabu mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo alifuata adabu. Alianza na mkubwa kuliko wote, akashuka kwa daraja hadi kwa mdogo. Alipiga magoti mbele ya chungu cha Ndimbumi, akachota, akanywa, akasema pombe hiyo imekomaa na kwamba mtu angeinywa mpaka asahau njia ya kwao. Watu wakashangilia. Ulanzi wa Sambwe aliuona mwepesi, kama maji ya mvua yaliyochuruzika kwenye mianzi. Pombe ya ndizi akasema ina ukali kidogo, na wale wake wawili wakatazamana, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Ndipo akafika kwa Lugano. Alipoonja, ulimi ulijikunja wenyewe.

"Haya ni maji yaliyooshewa shoka," alisema.

Uwanja mzima ulicheka, na Sambwe, ambaye bado aliumia kwa ulanzi wake kufananishwa na maji ya mvua, alicheka kuliko wote. Kabla ya adhuhuri Lugano alikwisha kupewa jina: Mama Shoka.

Lugano hakulia wala hakubisha kwa kelele. Alimtazama yule binti akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, leo umekunywa asali mara nne. Pombe yangu hujaigusa."

Tunsume alisikia, lakini alibaki na neno lake, kwa maana mwonjaji aliyejikana alivunjiwa kata na hakuonja tena maishani. Vijana wawili wakakibeba chungu hadi jaani, wakakifudikiza. Kiligonga jiwe lililofichwa na majivu, na kipande cha upana wa dole gumba kikabanduka ukingoni.

Ujira wa mwonjaji ulikuwa kibuyu kidogo cha kila pombe aliyoionja, kila kimoja kikiwa na kamba ya mpikaji wake shingoni. Tunsume aliviweka vinne vyake juu ya dari ya mianzi, akavisahau. Kesho yake asubuhi aliamka koo likiwa limekauka. Moto ulikuwa haujawashwa na ndani kulikuwa na giza bado, hivyo alipapasa, akashika kibuyu kilichokuwa karibu, akanywa funda moja ili alainishe koo tu.

Ukali ulitangulia, kama wa tunda ambalo bado siku mbili liive. Nyuma yake ikaja harufu ya nafaka iliyokaangwa, kisha joto likashuka taratibu kifuani. Alikunywa funda la pili polepole. Alijua kimea kile kilikaa siku nne na kilikaushwa juani, bila moshi. Alijua mpikaji aliichuja pombe yake mara mbili. Alikipeleka kibuyu mlangoni kwenye mwanga, akaona kamba ya Lugano shingoni mwa kibuyu.

Hakujiamini upesi. Alionja pombe ya asali, kisha akairudia ya ulezi: shoka likarudi. Alisukutua kwa maji, akatafuna ndizi baridi ya kuchemsha, akangoja kidogo, akaonja tena ulezi: ulikuwa mtamu. Alirudia hivyo mara tatu, na mara zote tatu jibu likawa moja. Basi akachukua vibuyu viwili pamoja na kata yake, akaenda kwa mtemi.

Mtemi alikuwa ndiyo kwanza anatoka nje, hajatia kitu kinywani. Dada yake Ndimbumi alikuwa ameketi karibu na mlango akisuka mkeka. Tunsume alipiga magoti, akaiweka kata chini mbele yao.

"Baba, jana nilisema uongo bila kujua," alisema. "Kabla hujaivunja, naomba uonje."

Alimpa ulezi. Mtemi alikunywa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza ni pombe ya nani. Tunsume akamimina kutoka kibuyu cha pili. Alipewa ya asali, akaisifu. Kisha akapewa ulezi tena, naye akakunja uso, akatema pembeni.

"Hiki ni kibuyu kingine."

"Ni kilekile, baba. Kilichobadilika ni mdomo."

Ndimbumi aliacha kusuka. Alitaka kujua kama maana yake ni kwamba yeye, dada wa mtemi, sasa akae nyuma ya Mama Shoka.

"Ya kwako ni nzito, mama," Tunsume alimjibu. "Ikitangulia, nyingine yoyote haipiti. Mzito hungojwa mpaka mwisho."

Ndimbumi aliusogeza mkeka kando. Kisha akanyoosha mkono, akatwaa kibuyu cha ulezi, akaonja. Hakuwa ameonja pombe ya mtu mwingine kabla ya yake tangu azaliwe. Alikaa nayo mdomoni kitambo.

"Hili si shoka," alisema. "Ungeionja kabla ya yangu, tusingeimwaga."

Mtemi aliiokota kata, akaigeuzageuza, akamrudishia binti ikiwa nzima. Alisema neno linalotolewa povu likiwa mdomoni ni povu tu, na povu haliwezi kukanwa; basi Lugano na apike.

Na tangu siku hiyo mwonjaji huanza na pombe nyepesi akamaliza na ya asali, hata kama mwenye asali ndiye aliyekaa mbele ya wote. Kati ya chungu na chungu husukutua na kutafuna ndizi baridi. Kisha hulala, na neno lake hulitoa asubuhi, baada ya kuonja upya kabla ya kula. Wafinyanzi nao, wanapofinyanga chungu cha pombe ya ulezi, hubonyeza dole gumba ukingoni udongo ukiwa mbichi. Ndiyo maana leo mnaviona vibuyu vya kuonjea pale vimefunikwa na hakuna anayewaambia ni nani wa kwanza. Tulieni. Kesho mtaambiwa.

Hayo ya wafinyanzi yalikuja baadaye. Asubuhi ile Tunsume alitoka kwa mtemi akaenda moja kwa moja jaani. Alikiinua chungu cha Lugano, akapangusa majivu, akakibeba kichwani hadi uani kwa mwenyewe. Alimwambia, "Mama, sasa nimeigusa." Kisha akakijaza maji aone kama kilipata ufa. Maji yalipanda bila kuvuja popote, na yalipofika penye pengo akaacha kumimina. Akauliza ulezi umebaki kiasi gani. Vilibaki vikapu viwili kasoro kidogo. Akakunja kitambaa chake kiunoni, akaanza kuuloweka.