Unga Chini ya Daraja la Mianzi

"Unga kidogo tu huo, Mama Lukmani! Ufute kwa ushungi wako twende zetu nyumbani."

"Nikiufuta leo, kesho utamwagika mwingine. Mwanzi unaliwa kwa ndani, Baba Lukmani, nawe unajua."

"Ninachojua ni kwamba kesho tunapewa shamba. Nyamaza mpaka kesho ipite, basi!"

Wapokezi wa kisa hiki wanatueleza kuwa mabishano hayo yalitokea zamani, katika bonde moja la mpunga huko mashariki ya mbali, baina ya Shuaibu na mkewe Safura, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Walikuwa Waislamu waliokimbia vita kwao, wakafika bondeni humo na mtoto wao Lukmani mgongoni, hawana hata sufuria. Wenyeji walikuwa Wabudha. Mkuu wa watawa wa hekalu lao, mzee Sumana, aliwapa kibanda na kipande cha shamba walime kwa muda, wala hakuwauliza wanasali vipi.

Safura hakuisahau hisani ile. Alipoona watawa wakivuka matope ya mpunga kila asubuhi kwenda kupokea sadaka ya chakula, alijitolea kuwajengea daraja la mianzi, kwani kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Wazee wa bonde wakafurahi, wakaahidi kwamba siku ya kulifungua, lile shamba litakuwa mali ya Safura na mumewe.

Basi mwanzi, kabla haujajengewa, hulazwa chini ya maji ya mto na kugandamizwa kwa mawe mpaka utamu wake uishe. Usipolazwa, wadudu bungua huufuata utamu ule na kuutafuna mwanzi kwa ndani, huku nje ukiendelea kung'aa. Kazi hiyo humtaka mtu azame kichwa na vyote. Mzigo wa mwisho wa mianzi ulifika katikati ya Ramadhani. Safura akaogopa asije akameza maji saumu yake ikaharibika, akauegemeza ukutani, akanuia kuuzamisha baada ya Idi. Idi ikaja na furaha zake, akasahau. Mianzi ile ikafungwa pamoja na mingine, katikati kabisa ya daraja. Kumbukumbu ilimrudia alasiri ile ya mabishano tu, alipouona unga wa bungua ukidondoka juu ya matope.

"Watasema tumewategea," Shuaibu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watasema Waislamu wameweka mtego kwenye njia ya hekalu. Tutakwenda wapi na mtoto huyu?"

Hofu ya mumewe ilikuwa hofu ya Safura pia. Lakini alijiambia moyoni, "Nilichelea tone la maji lisiniharibie saumu. Je, nisichelee mtu kuvunjika shingo?" Akashuka matopeni, akaenda mpaka hekaluni, ambako wazee walikuwa wakiandaa karamu ya kesho, akaeleza yote bila kujitetea.

Bibi Kesari, aliyekuwa akikoroga sufuria, akapiga makofi. "Haya! Karamu imeliwa na wadudu kabla yetu!"

"Shamba hakuna," mzee mmoja aling'aka. "Mgeni ni mgeni tu."

Mzee Sumana akalishika tumbo lake, nalo lilikuwa kubwa kwelikweli. "Kesho nani alikuwa avuke wa kwanza?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Basi binti huyu ameniokoa mimi. Mnaonaje, pale katikati pangenibeba?"

Watu wakacheka, lakini shamba halikutolewa.

Safura alirudi nyumbani, akasujudu sijda ya shukrani kwa kuwa alitanabahishwa kabla mtu hajaanguka. Asubuhi yake Shuaibu alikwenda kukata mianzi mipya. Akazama nayo mtoni, akaibuka akitema maji. "Haya, mimi sijafunga leo. Lete mawe!"

Mvua zikanyesha. Watawa wakaendelea kukanyaga matope, na baadhi ya majirani wakawa wanampita Safura bila kumsalimu. Hakuiharakisha mianzi. Kila alipomaliza sala alimshukuru Mola kwa kibanda ambamo bado hawajafukuzwa, na kwa mume aliyerudi upande wake. Utamu ulipokwisha, waliitoa mianzi, wakaikausha, wakaifunga upya ile sehemu ya katikati.

Ndugu zangu katika imani, Safura alikosea kama tunavyokosea sisi, na Mola akamfunulia kosa lake kwa unga kidogo tu. Tuonyeshwapo kosa mapema, na tushukuru, maana hiyo nayo ni rehema.

Siku daraja lilipofunguliwa, mzee Sumana alilivuka mara mbili: mara ya kwanza na watu wote, mara ya pili peke yake, mpaka kwenye kile kibanda. Safura alipomfungulia, alimkuta amesimama mlangoni, miguu yake haina hata chembe ya tope.

"Wazee wamekubali, binti yangu, shamba ni lenu," alisema. "Na mimi leo nimevuka bila kutazama ninapokanyaga."