Mikono Mitatu Juu ya Kizibo

Hapo zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na nchi ya milimani iliyoishi kwa chemchemi moja. Maji yake yalikusanywa katika ndiva, bwawa la kuchimbwa kwa mikono, na kila asubuhi kizibo kiling'olewa yakashuka mashambani. Basi chemchemi ikafifia. Mtemi akatangaza kwamba atakayeirudisha ndiye atakayeng'oa kizibo, na shamba lake litanyweshwa kwanza.

Nakijwa, mjane aliyelima maharage mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji yalifika matone matone, akasema, "Kizibo hicho ni changu."

Senzota, mtunza hazina, akafungua hazina ya nchi. Miche ya mikuyu, miti inayotunza maji ardhini, ikanunuliwa, ngoma ikapigwa, mlima ukapandwa miti, pombe ikanywewa. Senzota akahesabu mashimo, akalipa watu, akaenda kulala. Kiangazi kikaua miche yote. Akafungua hazina tena. Ngoma tena, pombe tena, na miche ikafa tena.

Nakijwa akamwendea. "Shikamoo mzee. Samahani, lakini unalipia mashimo. Lipia mti ulio hai baada ya kiangazi."

Senzota alinuna, ila akakubali. Ghafla kila mtu akajua kumwagilia! Nakijwa mwenyewe alipanda mlima na mtungi kichwani, akiwaonyesha majirani namna ya kuifunika miche kwa majani ya migomba, naye akalipwa kwa kila mti wake ulioishi.

Wakabaki mbuzi wa Mbonea, mfugaji wa pale mlimani, ambao waliitafuna miche usiku na mchana. Hakuna aliyemwamuru, hakuna aliyemlipa. Aliwatazama mbuzi wake, akautazama mlima, akawashusha nyikani. Huko chui wakawala, akarudi na majike mawili tu. Alilia, na hakuona haya kulia.

Mikuyu ikashika. Chemchemi ikabubujika, watu wakapiga vigelegele. Lakini mwaka huo mvua ikakawia, na ndiva ikawa na maji ya shamba moja tu. Maharage ya wote watatu yalikuwa kwenye maua, yananyauka. Wakakutana kwenye ndiva, mtemi yupo.

"Bila hazina mngepanda nini, mate?" akasema Senzota, akashika kizibo.

"Na bila mimi hazina yako ingeendelea kununua kuni," akasema Nakijwa, akaweka mkono wake juu ya wa Senzota.

"Nyinyi mlilipwa," akasema Mbonea. "Senzota kwa kazi yake ya hazina, Nakijwa kwa kila mti. Mimi nililipa." Akaweka wake juu ya yote.

Mtemi akawatazama mmoja baada ya mwingine. Jua linapanda, maua yanadondoka, na mikono mitatu iko palepale. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Je, ni mkono wa nani uliostahili kung'oa kizibo?