Matope Yaliyosafiri

Fumbeni macho, wanangu, mwone kijiji kizima kimekaa kitako. Mbuzi amekaa, Kobe amekaa, hata Kuku amekaa. Na kila mmoja amekalia kinu chake mwenyewe, kimepinduliwa mdomo chini. Mmekiona? Basi ni hapo zamani za kale, siku ambazo nyani bado alivaa suruali.

Wanakijiji hao walilima karanga, wakazipeleka mtoni kwa Kiboko. Kiboko alizivusha hadi kwake ng'ambo, akazisaga, akazirudisha ndani ya vikopo. Kikopo kimoja kwa gunia zima!

"Lakini Bwana Kiboko," Mbuzi aliwahi kuuliza, "si karanga zetu hizi?"

"Zilikuwa zenu. Sasa zimesafiri."

"Loo! Zimesafiri!" kijiji kikashangaa, kikalipa. Nani atwange tena, na vya ng'ambo vipo? Ndipo vinu vikawa viti.

Magunia yakaisha, njaa ikapiga hodi. Bi Kindi alibakiwa na kikapu kimoja tu, mbegu ya kupanda mvua ikinyesha. Wanawe wakamlilia, "Mama, tunataka cha kikopo!"

Pwaa! Kiboko akaibuka. "Bi Kindi, lete kikapu hicho."

"Hii ni mbegu, bwana. Nikikupa, nitapanda nini?"

"Utapanda kikopo! Kesho naja. Wanao watakulazimisha, utaona."

Bi Kindi akawaza. Mbegu ikienda, shamba limekwenda. Akamtazama Kiboko alivyojipaka matope mwili mzima, kisha akasema kwa upole, "Naomba basi matope kidogo ya kwako."

"Matope? Ha! Chota, mama, chota! Ama kweli umaskini hauna haya!"

Bi Kindi akachota tele. Nyumbani akayakanda, akayafinyanga vidonge, akavifunga kwa majani ya mgomba.

"Unapika nini, shoga?" Kobe akauliza.

"Matope."

"Yameiva?"

"Yameiva. Yamebaki kusafiri tu."

Kesho yake Kiboko akaja, akakuta vifurushi vimepangwa ukingoni. "Nini hivyo?"

"Usiguse! Hayo ni matope ya kujipaka, ya wakubwa. Yanatoka ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Wewe kwako ni upande ule. Je, hapa ni wapi?"

Kiboko akatazama kule, akatazama huku. Macho yakamtoka. "Ng'ambo!"

Akajipaka kidogo shavuni. "Mmm! Laini! Yale ya kwangu ni tope tu."

"Ya kwako hayajasafiri, bwana. Kifurushi kimoja, gunia moja la karanga."

Chubwi! Kiboko akaenda. Chubwi! Akarudi na gunia. Chubwi, chubwi, mchana kutwa, mpaka ghala lake likabaki na buibui peke yake, naye ameng'aa kama chungu kipya.

"Bi Kindi," akasema akihema, "sasa mimi nisage nini?"

"Si una matope?"

Kiboko akajinusa kwapani. Akanusa tena. "Mbona yananuka kama ya kwangu?"

"Yalikuwa yako," akasema Bi Kindi. "Sasa yamesafiri."

Kisha akawageukia majirani. "Haya, simameni!"

"Tukisimama, tutakaa wapi?" Mbuzi akalalamika.

"Chini, kama zamani! Pindueni hivyo viti!"

Wakavipindua. Du! Du! Du! Michi ikalia kijiji kizima. Kobe akalamba kidole. "Jamani, ladha ni ileile!" Watoto wa Bi Kindi wakaendelea kula, midomo imejaa. Na mvua iliponyesha, mbegu ilikuwa ingali kikapuni.

Anayedharau kinu chake hununua jasho lake mwenyewe.

Sasa fumbueni macho, wanangu. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla hujakisifu cha ng'ambo, inuka kidogo utazame umekalia nini.