Bi Chui Atafutiwa Neno

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na hata vioo vya kujitazamia, Nguchiro alinaswa bandani kwa Bwana Chui akinyonya mayai. Bi Chui akamfunika kwa tenga, akabandika maji. Bwana Chui akakaa mlangoni kunoa kisu, kwi, kwi, kwi.

Siku hiyo Bi Chui alikuwa na mwaliko wa harusi. Akajifunga kanga mpya, akamwuliza mumewe, "Nimependeza?"

"Si haba," akajibu mume bila kuinua macho. Fundi wa maneno, huyo.

"Si haba husemwa kwa mavuno ya mihogo, mzee," Nguchiro akasema tengani. "Mama kama huyu husifiwa kwa Kiingereza. Wenyewe wana priti, wana byutifuli, wana gojasi. Yote ni uzuri, ila vyeo mbalimbali."

Bi Chui akasahau maji. "Langu mimi ni lipi?"

"Humu naona vifundo vya miguu tu, mama. Vifundo ni priti."

"Vifundo?" Akainua tenga kidogo.

"Kiunoni tayari ni byutifuli. Gojasi huamuliwa usoni, na uso siuoni."

"Usifunue, mke wangu," akasema Bwana Chui. "Huyo ni kitoweo."

"Wivu huo. Miaka tisa nalishwa si haba."

Nguchiro akakiona kisu bado kiko mlangoni, akaogopa kwelikweli. "Na mzee ana lake," akasema. "Hendsamu, au smati, sijui. Jua liko mgongoni mwako, naona kivuli tu, na kivuli hakina sifa. Sogea kando ya mama."

Yule mwenye akili ya nyumba akaweka kisu chini, akasogea, akanyoosha masharubu. Bi Chui akaliondoa tenga lote, akainua kidevu. Wakatulia kama wanaopigwa picha.

Pyu! Nguchiro huyo, mlangoni, uani, hadi shimoni kwenye kichuguu.

Wakamfuata mbio. Mnadhani walimtukana? Bi Chui aliinama shimoni, akanong'ona, "Nenda salama, mwanangu. Lakini ni gojasi, au siyo?"

"Bado nalinganisha," akajibu Nguchiro. "Simameni hapo hapo, msitikisike." Kisha akatokea tundu la nyuma, akaenda zake kwao.

Walisimama mpaka maji yakakauka na sufuria ikaungua.

Mlilia sifa hulala na njaa.