Ngiri na Mikokoteni ya Radi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, midomo imejaa muhogo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, tulieni. Hapo zamani za kale alikuwapo Ngiri, fundi wa mikokoteni. Ngiri alichonga, Punda na ndugu zake wakavuta. Wateja walilipa mtama, na ghala la Ngiri lilijaa.

Siku moja akaja Kima na kibuyu kwapani. Ndani ya kibuyu mlikuwa na radi. Ukikifunga kwenye mkokoteni, mkokoteni unakwenda wenyewe, hauli majani, haupigi teke. Radi ikiisha, unapanda Kilima cha Ngurumo kujaza tena.

Ngiri akatamani, jamani, mpaka mate yakamtoka. Lakini Kima hakuuza kimoja kimoja. Alitaka ghala zima.

Basi Ngiri akaazima kile kibuyu, akaunda mkokoteni mmoja wa kuonyesha, akapika ubwabwa, akaita wanyama. Nyumbu akapanda, Kanga akapanda, Simba mfalme naye akapanda. Kila mmoja akashuka akisema, "Hongera, fundi. Nami niwekee mmoja." Simba akaahidi kumsaidia kila mnunuzi kwa kapu la mtama.

Sasa nyinyi mnayajua maneno hayo. Ukialikwa kuona kitu cha mwenzio unasifu, unasema uwekewe, unakula ubwabwa wake, unakwenda zako. Ni adabu tu. Ngiri, maskini, akaona ameshauza.

Mkewe akamuuliza kama kuna hata mmoja aliyeacha kikombe cha mtama. Akajibiwa kwamba hajui biashara. Ghala likatolewa lote, na chakula cha watoto cha kiangazi kikiwamo. Punda akaambiwa akapumzike kwao.

Mikokoteni ya radi ikajaa uani. Ngiri akangoja, akangoja. Kimya. Akaamua kuwafuata.

Akaenda kwa Nyumbu. Nyumbu akasema mkokoteni ni mzuri sana, ila yeye ni wa safari. Radi ikimwishia katikati ya mbuga, kilima atakipata wapi?

Akaenda kwa Kanga. Kanga akasema ni mzuri sana, ila kwa mtama huo anapata miwili ya zamani.

Akaenda kwa Simba. Simba akapiga miayo, akasema ahadi ya kapu ilikuwa ya msimu uliopita.

Mnaujua mkia wa ngiri, husimama wima akikimbia. Siku hiyo ulining'inia. Nyumbani watoto walikuwa wakilia njaa, naye akaona aibu kwelikweli. Akaenda kwa Punda, akamwomba radhi, akamsihi arudi kazini.

Punda akatafuna majani yake taratibu. "Nimesikia, fundi. Nitakuja."

Ngiri akashukuru, akageuka kwenda zake. Akasimama. Akarudi.

"Utakuja lini?"

Punda akacheka mpaka majani yakamdondoka. "Ungewauliza hivyo wale, ghala lako lingekuwapo. Twende sasa hivi."

Wakaenda. Mikokoteni ikafunguliwa vibuyu, Punda na ndugu zake wakavuta, watoto wakala. Vibuyu Ngiri hakuvitupa. Mbuzimawe, akaaye kule kule kilimani, alileta mtama wake kwanza, akafungiwa kimoja, na mkokoteni wake unakwenda mpaka leo.

Basi, wenzangu, kitu kipya si kibaya. Ila usitoe chakula cha watoto wako kwa sababu watu wamekusifu. Ngoja kwanza uone nani kaja na kikombe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa mbaya, ni yangu. Ikiwa njema, msinipe hongera, nipeni huo muhogo.